Safari ya Mtu Asiyekula Nyama, Mayai wala Maziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa stendi, mezani na kwenye simu kwa miaka yote niliyozunguka Tanzania, Kenya na nchi jirani nikiwa sili chochote kitokanacho na mnyama. Ya msingi yako juu, magumu yako chini. Jibu likishatolewa mahali sitalirudia, nitakuelekeza tu lilipo.

## Ya kuanzia

Vegani ni nani? Si ndiye yule asiyekula nyama?

Ni zaidi ya hapo. Asiyekula nyama anaweza kunywa maziwa na kula mayai. Vegani huacha nyama zote, samaki, dagaa, kamba, mayai, maziwa na vyote vitokanavyo na maziwa kama mtindi, jibini, siagi na samli. Walio wengi huacha asali pia. Kinachobaki ni nafaka, jamii ya kunde, mizizi, mboga za majani, matunda, karanga na nazi. Ukiitazama orodha hiyo utaona ni chakula ambacho nyumba nyingi za kwetu hula siku nyingi za wiki, nyama ikisubiri sikukuu au mgeni.

Hivi kweli mtu anaweza kusafiri huku bila kushinda njaa?

Anaweza, na mara nyingi atalipa kidogo kuliko mwenzake aliyeagiza kuku. Ugali kwa maharage na mchicha, wali wa nazi kwa mbaazi, makande, githeri, kisamvu cha nazi na karanga, muhogo wa kuchoma kwa pilipili na ndimu: vyote hivi havikubuniwa kwa ajili ya wageni wala havihitaji mgahawa maalumu. Tabu ya safari iko kwenye maneno zaidi kuliko kwenye sufuria, na ndiyo maana maswali mawili yanayofuata nimeyajibu kwa urefu.

Nimesema "nakula mboga tu", mbona nimeletewa samaki?

Kwa sababu umesema mboga. Tanzania, mboga ni chochote kinachoshushia ugali au wali. Mtoto akirudi shule akauliza "leo mboga nini?" anaweza kujibiwa dagaa, kuku au nyama ya ng'ombe, na hakuna atakayeshangaa. Mhudumu uliyemwambia unakula mboga tu hajakosea chochote. Ukitaka mchicha na wenzake, sema *mboga za majani*.

Neno "nyama" nalo lina mtego wake. Kwa watu wengi nyama ni ya ng'ombe au mbuzi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki, dagaa ni dagaa. Ukisema "sili nyama", mwenye kukuhurumia atakupa kuku. Siku moja kwenye kibanda cha mama ntilie karibu na stendi niliagiza mchicha, nikaeleza kwa kirefu kwamba sili nyama. Ulikuja mchicha mzuri wa nazi, bado unafuka moshi, na juu yake ametandaza dagaa waliokaangwa wakakauka. "Nimekuongezea upate ladha, mwanangu," akaniambia, na alinipa kwa moyo mweupe kabisa. Kosa lilikuwa langu, sikutaja dagaa.

Niseme nini basi?

Salimia kwanza. "Shikamoo mama" itakufikisha mbali kuliko maelezo yoyote ya lishe. Kisha taja chakula kwa jina na uulize kimeungwa na nini: "Mama, maharage umeyaunga na nini?" Neno *kuunga* mpishi analielewa vizuri kuliko wewe. Kwa swali hilo moja atakuambia ni mafuta gani, kama kuna nazi au karanga, na kama ametia mchuzi wa nyama.

Usiulize "hayana nyama, eti?" Swali la namna hiyo hujibiwa "hayana" kwa adabu tu, maana nani anataka kumvunja moyo mteja? Swali la *nini* humlazimu mtu kufikiri na kutaja.

Ukimaliza hapo, taja usivyokula kimoja kimoja: nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, samli. Usione haya kwa urefu wa orodha. Kusema "mimi ni vegani" hakutakusaidia nje ya hoteli za watalii.

## Chakula kimoja kimoja

Asubuhi nile nini?

Pwani umebarikiwa. Mbaazi za nazi kwa mahamri ni chakula cha asubuhi cha Mombasa tangu zamani, na mahamri ya asili hukandwa kwa tui la nazi na iliki. Vitumbua ni mchele, nazi, hamira, sukari na iliki. Kuna pia mkate wa mofa, viazi vya karai (uliza kama uji wa kuchovyea una yai) na bajia za dengu au kunde.

Bara inabidi kuuliza zaidi. Maandazi mengi yana maziwa au mayai. Chapati kwa kawaida ni unga, maji, chumvi na mafuta, lakini wapo wanaokandia maziwa au kupaka samli. Uji uulize kabla haujamiminwa, maana maziwa na siagi hutiwa jikoni. Kuhusu siagi, kumbuka kwamba watu huita siagi hata majarini ya mkebe ambayo huenda imetokana na mafuta ya mimea tu. Omba uuone mkebe.

Chai: Kenya ukisema "chai" tu inakuja imechemshwa na maziwa. Sema *chai ya rangi*, au *strungi* ukiwa na vijana wa Nairobi. Tanzania pia chai ya rangi inaeleweka kila mahali. Kahawa chungu ya barazani haina maziwa kamwe.

Maharage ya mgahawani ni salama?

Mara nyingi ndiyo, lakini angalia mambo mawili. Kwanza, wapo wanaotia kipande cha nyama yenye mafuta ili mchuzi uwe mzito, au wanaochota mchuzi wa sufuria ya jirani ili maharage yaonekane mekundu. Pili, viungo vya pakiti na vile vya mraba vyenye ladha ya kuku au nyama vimeingia jikoni kwingi. Omba kwa upole uone sufuria. Mama ntilie wengi hufunua kifuniko kwa furaha, na ukiona mafuta meupe yameganda pembeni asubuhi, huenda ni ya mnyama, kwa hiyo uliza.

Ukikosa maharage, tafuta makande, choroko, dengu, njegere au kunde. Mlenda na matembele pia, ila mlenda uulizie dagaa.

Wali, pilau na biriani je?

Wali wa nazi na wali mweupe kula bila wasiwasi, ukishahakikisha haukutiwa siagi. Pilau karibu kila mara huivishwa kwa supu ya nyama. Kutoa vipande vya nyama na kukupa wali uliobaki hakubadilishi kitu, ingawa utaambiwa "nimekutolea nyama". Biriani rojo yake huwa na mtindi. Kwenye harusi au maulidi, kachumbari, ndizi na wali mweupe ukiwepo vitakutosha, lakini kula kitu nyumbani kabla ya kwenda.

Urojo wa Zanzibar naweza kula?

Unaweza, na nakusihi ule. Mchuzi wenyewe ni unga, ukali wa embe mbichi au ndimu, na manjano. Ndani wanatia viazi, bajia, kachori, chipsi za muhogo na chatne ya nazi. Yai la kuchemsha na mishkaki huongezwa mwishoni, kwa hiyo sema mapema: "Nipe mchanganyiko, usitie yai wala mishkaki." Simama karibu uangalie mkono wake, kwa sababu wauzaji wana kasi na mazoea. Katlesi ziache kama hujui ndani mna nini, nyingi zina nyama ya kusaga. Pale Forodhani jioni, baada ya urojo, kuna muhogo, ndizi na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu.

Migahawa ya Kihindi si ndiyo suluhisho?

Ni nusu ya suluhisho. Kisutu na Upanga Dar es Salaam, Parklands Nairobi na katikati ya Mombasa kuna migahawa isiyopika nyama kabisa, na huko hutahangaika na dagaa. Lakini upishi huo unapenda samli, mtindi, jibini ya paniri na krimu. Sema: bila samli, bila maziwa, bila paniri, bila mtindi. Dengu, bamia, mbilingani na viazi kwa mafuta ya kawaida watakupikia. Hapa utaeleweka haraka kuliko popote, kwa sababu wapishi wamezoea wateja wenye miiko.

## Njiani

Kwenye basi la masafa marefu nafanyaje?

Beba chakula chako. Basi likisimama kwenye hoteli ya njiani una dakika 10 hadi 20, watu sitini wamekimbilia dirisha moja, na kilichopo mbele yako ni kuku, chipsi mayai, nyama ya kukaanga na ndizi nyama. Hapo hakuna muda wa kuuliza kimeungwa na nini.

Mimi hubeba kontena lenye chapati nilizopika mwenyewe, maharage makavu yaliyoungwa kwa kitunguu na karoti (yakiwa na mchuzi yanamwagika, na yenye nazi huchacha haraka kwenye joto), karanga za kukaanga, na pembeni ndizi na maji. Kontena hilo limenivusha Dar hadi Mbeya zaidi ya mara moja. Madirishani unaongezea cha msimu: machungwa ya Muheza, mahindi ya kuchoma, korosho, na maembe ukipita Makueni wakati wake. Biskuti wanazogawa kwenye basi nyingi zina maziwa. Maandishi ya pakiti huwa ya Kiingereza, kwa hiyo tafuta maneno *milk*, *whey*, *casein*, *egg*, *ghee* na *gelatin*.

Ukilazimika kununua kwenye kituo, wahi upande wa wali na maharage, si upande wa vya kukaanga. Kuhusu chipsi, soma swali la mafuta kule chini.

Treni je?

Hutofautiani sana na abiria wa basi, ila una muda. TAZARA, treni ya Tanzania na Zambia, ambayo huchukua siku kadhaa kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, kwa kilomita 1,860, ina behewa la chakula. Nenda ukaongee na mpishi mapema kabla hajaanza kupika, umwombe wali au ugali kwa maharage na kabichi. Kwenye treni za kisasa za Nairobi–Mombasa na Dar–Dodoma safari ni fupi, kontena lako linatosha.

Kwenye ndege za mbali nitaagizaje chakula?

Mashirika mengi yana alama za herufi nne. Unayotaka ni VGML, yaani chakula kisicho na chochote cha mnyama. Usichanganye na AVML, ambayo ni ya Kihindi isiyo na nyama lakini inaweza kuwa na maziwa, wala VLML, yenye maziwa na mayai.

Agiza si chini ya saa 24 kabla ya kuruka, na ni vizuri zaidi ukifanya siku ile ile unayokata tiketi. Kama safari ina ndege mbili za mashirika tofauti, thibitisha kwa kila shirika. Ndege ikibadilishwa, oda hupotea mara nyingi, kwa hiyo iulizie tena kaunta ya uwanja wa ndege. Niliwahi kubadilishiwa ndege usiku, nikakaa saa tisa angani kwa saladi na maji, huku tiketi ya mwanzo ina alama zote. Tangu hapo pakiti ya karanga na tende haitoki kwenye mkoba wangu.

Nikienda mbugani au kupanda Kilimanjaro?

Mwambie wakala kwa maandishi, kisha mrudie dereva au kiongozi ana kwa ana siku ya kwanza. Ujumbe wa ofisini haufiki jikoni wenyewe. Kitakachokuumiza zaidi mbugani ni lanchi boksi. Kwa kawaida lina paja la kuku, yai la kuchemsha, keki, mtindi, juisi na ndizi. Ukitoa vya mnyama unabaki na juisi na ndizi hadi jioni. Waombe wazibe nafasi: viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, karanga, parachichi, bajia.

Mlimani jambo ni zito zaidi. Ukishavuka geti, chakula ni kile walichobeba wapagazi, na unatembea kwa siku 5 hadi 8 kuelekea mita 5,895 kwenye baridi inayokula nguvu. Kutana na mpishi wako Moshi au Arusha kabla ya kuondoka. Muulize protini ya kila siku itakuwa nini. Supu ya mboga na tambi peke yake havitakufikisha. Dengu, maharage, siagi ya karanga na nyama ya soya ni vyepesi kubeba. Dengu huiva haraka kuliko maharage, na hilo lina maana kubwa juu ambako maji huchemka kwa joto la chini. Wapishi wa mlima ni mafundi wa kweli, wakijua mapema watakufanyia maajabu kwenye jiko moja la gesi.

## Kuvuka mpaka

Uganda, Rwanda, Burundi na Congo kukoje?

Uganda utashiba. Matoke kwa mchuzi wa karanga ni mlo kamili. Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, iache, lakini agiza *kikomando*, chapati iliyokatwakatwa kwa maharage. Katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na kitoweo, uliza imepikwa na nini, nyingi zina utumbo, ila za maharage au karanga zipo.

Rwanda na Burundi maharage yapo kila meza. Kisamvu chao, isombe, uliza kama kina nyama au samaki. Mashariki ya Congo, sombe na lengalenga (mchicha) hupikwa kwa mafuta ya mawese, na mafuta hayo ni ya mmea. Shida ni samaki mkavu anayetiwa ili kukoleza, na anapondeka kiasi cha kutoonekana. Hapo swali la "umeunga na nini" halikwepeki.

Nina saa kadhaa Addis Ababa, nitakula nini?

Utakula vizuri kuliko popote kwenye ukurasa huu. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, pamoja na siku 55 za mfungo mkuu kabla ya Pasaka, na mfungo wao ni kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai. Kwa hiyo nchi nzima inajua kupika chakula chako na ina jina lake: *ye tsom*, cha mfungo. Agiza *ye tsom beyaynetu* uletewe injera, mkate wao mwembamba wenye uchachu, ukiwa na vilima vya dengu, njegere, kabichi na viazi. Shiro, mchuzi wa unga wa dengu, nayo sema *ye tsom*, kwani siku za kawaida huweza kutiwa siagi yenye viungo.

## Watu

Nimefika kwa ndugu kijijini, wamenichinjia kuku. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linalonigusa kuliko yote, kwa sababu kuku yule ni heshima. Mwenyeji hakupi nyama tu, anakuambia kwamba kuja kwako kuna thamani.

Dawa yake iko kabla ya safari. Piga simu siku mbili tatu mbele, tena usimpigie mwenye nyumba mwenyewe. Mpigie shangazi au binamu mnayeelewana, aseme kwa niaba yako: "Mgeni hali nyama wala mayai, ila maharage na kisamvu anavipenda sana." Likipita kwa mtu wa kati halisikiki kama kukataa. Ukienda, nenda na mkono: mchele, mafuta ya kula, sukari. Ingia jikoni ukachambue mchicha na wenyeji na kukuna nazi. Mtu aliyekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi jikoni hachukuliwi kama mgeni anayebagua chakula.

Kama kuku ameshachinjwa, shukuru kwa kuku. Shukuru kweli, kwa maneno, kisha omba ugali na mboga za majani, na umwombe mwenyeji watoto wale fungu lako. Usidanganye kwamba daktari amekukataza. Bibi yangu niliwahi kumwambia hivyo, na kwa miezi alimwuliza kila mtu kama nimepona.

Kila mtu ananiuliza kama mimi ni Msabato au Rasta.

Ndiyo mifano waliyonayo. Wapo Wasabato wasiokula nyama, na chakula cha Rasta kwa kawaida hakina nyama. Jibu kwa kifupi kile kilicho kweli kwako. Nami nimefaidika na swali hili mara nyingi: mwenye kuuliza huwa anamjua Msabato mwenye mgahawa, na huko nikapata maziwa ya soya na maharage yasiyo na shaka.

Ramadhani pwani itakuwaje?

Mchana migahawa mingi ya kawaida Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa hufungwa, na kula hadharani ni utovu wa adabu hata kama hufungi. Nunua matunda na mkate asubuhi, ule chumbani. Magharibi inapoingia ndipo utakapofurahi, kwani futari imejaa chakula chako: muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, tambi, kunde, tende. Ukialikwa kufuturu, nenda. Ulizia tu uji na mchuzi.

## Afya na mambo ya pembeni

Nitaishiwa nguvu? Na B12?

Nguvu hazitaisha ukila kunde kila siku. Vitamini B12 ndiyo isiyopatikana ya kutosha kwenye mimea, na mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku. Beba vidonge vyako kutoka nyumbani, kwa sababu duka la dawa la mji mdogo huenda lisiwe navyo. Kama una mimba, unanyonyesha au una maradhi, ongea na daktari kabla ya kuondoka.

Jambo dogo linalosahaulika: chai pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage na mchicha. Kunywa saa moja baadaye, na kwenye sahani kamulia ndimu, ambayo husaidia.

Chipsi zimekaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia kuku. Nile nisile?

Uamuzi ni wako. Vibanda vingi vina karai moja. Mimi sili nikimwona kuku ndani, na huomba muhogo au ndizi za kuchoma kwenye mkaa, upande wa jiko usio na mishkaki. Mwenzangu ninayesafiri naye hula, akisema hakuna mnyama aliyekufa kwa ajili ya sahani yake. Hatujawahi kugombana kwa hilo.

Haluwa na kashata?

Haluwa ya Zanzibar na Oman hupikwa kwa samli, kwa hiyo hapana. Kashata za nazi au karanga ni sukari na iliki, kula. Visheti uliza kama vimekandwa kwa samli au maziwa.

Nimegundua katikati ya mlo kwamba kuna samaki ndani. Sasa?

Acha kula, lipa, na umwambie mpishi kwa sauti ya chini ili wateja wengine wasisikie. Usimkemee. Mwambie ulivyokuwa umeomba na kilichotokea. Nilifanya hivyo kwenye kibanda kimoja cha kando ya barabara, mama akanyamaza kidogo, akasema, "Kesho ukipita nitakuwekea sufuria yako." Kesho yake ilikuwepo: ndogo, ya choroko za nazi, imefunikwa kwa kisahani, na jiwe juu yake.